Magogo, mbao na takwimu za pande mbili za Ruvuma

Nimekuwa nikilinganisha biashara ya mbao ngumu ya Tanzania na ile ya Msumbiji tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kikwazo cha kwanza nilichokutana nacho kilikuwa majina. Mninga wa Tanzania huandikwa umbila upande wa pili wa mto Ruvuma ulio mpakani, mkongo huitwa chanfuta, na mpingo ni pau-preto. Asiyelijua hilo huhesabu miti sita mahali penye mitatu.

Kikwazo kikubwa zaidi ni sheria, kwa kuwa nchi hizi mbili hazikufunga mlango kwa wakati mmoja. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, misitu ya kusini mwa Rufiji ilifikika kwa malori kwa urahisi usiokuwapo kabla, uvunaji ukapamba moto, na mwaka 2004 Serikali ya Tanzania ikapiga marufuku kusafirisha magogo nje ya nchi. Msumbiji ilianza kwa kuzuia magogo ya miti ya daraja la kwanza, yaani kundi la miti ya mbao za thamani kubwa, kisha ikafikia marufuku kamili mwaka 2017. Katika miaka hiyo yote ya katikati, safu ya takwimu za Msumbiji iliendelea kuwa na magogo mengi ilhali ya Tanzania ilionesha zaidi mbao zilizopasuliwa, na hapo ndipo wengi wanapopotoka. Gogo likipita kwenye msumeno, sehemu kubwa hubaki kiwandani kama mabanzi na vumbi, mara nyingi nusu ya ujazo wake au zaidi. Kwa hiyo mita za ujazo zinazosafirishwa zinaweza kupungua kwa nusu bila msitu kupona hata mti mmoja. Naona ni kosa zito kuusifu upungufu huo kama ushindi wa uhifadhi kabla ya kuzirudisha mbao kwenye ujazo wa magogo yaliyozizaa.

Thamani ya fedha haisaidii sana, kwani Msumbiji iliondoa sifuri tatu kwenye sarafu yake, metikali, mwaka 2006, hivyo tarakimu za kabla na baada ya hapo hazilinganishiki moja kwa moja.

Kilichonisaidia ni kusoma vitabu vya mnunuzi pamoja na vya muuzaji. Mwaka 2005, China iliandikisha mazao ya mbao kutoka Tanzania yaliyokuwa takriban mara kumi ya yale ambayo Tanzania yenyewe iliandika kuwa imeyauza huko. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Msumbiji: China ilipokea karibu mita za ujazo 450,000, wakati mauzo yote ya Msumbiji kwa dunia nzima yaliyoandikishwa yalikuwa takriban 260,000. Tofauti hizo zinanisikitisha, kwa sababu ni mapato ambayo vijiji vinavyopakana na misitu havikuyaona, na mpingo uliokatwa huhitaji miaka 70 au zaidi kurudi katika unene wa kuvunwa.

Njia hiyo ya kusoma vitabu viwili hufanya kazi bandarini. Kwa mbao zinazovuka Ruvuma wenyewe, iwe kwa mtumbwi au kwa Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010, haitoshi, kwani ubao wa mninga uliopata nyaraka za upande wa kaskazini huingia melini ukihesabiwa kuwa wa Tanzania, na mnunuzi wa mbali huuandika hivyo hivyo.