Ukanda mweupe kwenye paneli umetoka, umebaki mstari mmoja

Hatimaye umeachia! Ule ukanda mweupe uliogandia ukingo wa chini wa paneli yangu ya sola, hapa Dodoma, umetoka kwa siki nyeupe. Nilitandika kitambaa kilicholowa siki alfajiri, kabla kioo hakijapata moto, nikakifunika nailoni kisikauke. Vipovu vilipoanza kutoka pembeni nikajua ni chokaa.

Vumbi kavu halishiki hivyo. Linalolishikisha ni umande. Unalisukuma hadi kwenye fremu na kuyeyusha chumvi iliyomo, jua likitoka maji yanapotea, chumvi inabaki na udongo umeganda kama saruji. Maji ya kisima ya huku yana chumvi tele, kwa hiyo kuosha nayo bila kufuta ni kupaka tabaka jipya. Suuza ya mwisho sasa natumia maji ya betri, yale safi, si asidi.

Brashi ya chuma na dawa ya meno, wekeni mbali kabisa. Hata kitambaa laini juu ya vumbi kavu ni hatari: mchanga una ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kioo ni kama 5.5. Mwagia maji kwanza.

Sasa huo mstari uliobaki. Uko palepale penye silikoni (gundi ya mpira) ya fremu, na ukiutazama kwa upande unacheza rangi za upinde wa mvua. Siki haiugusi, ukucha haukwami. Naamini si uchafu tena, ni kioo chenyewe kimeliwa. Maji yakituama muda mrefu yanavuta sodiamu kutoka kwenye kioo na kugeuka alkali. pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ikipita 9, silika yenyewe, ile inayounda kioo, inaanza kuyeyuka. Inaniuma, maana hapo hakuna cha kusafisha.

Nilipanga kutundika vipande vya kioo kwa pembe tofauti nilinganishe vumbi. Hilo litasubiri. Paneli yangu imefungwa upande wake mfupi ukiwa chini, na seli zake zimeungwa katika mistari mitatu inayokwenda kwa urefu, kwa hiyo uchafu wa chini unaikaba yote mitatu. Nikiigeuza upande mrefu uwe chini utakaba mmoja tu! Tena mwinamo wake ni mdogo mno. Tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mafundi huziweka karibu bapa na maji hayashuki. Naiinua hadi nyuzi 15, ikitazama kaskazini. Jumamosi nakata vyuma vya fremu mpya.