Siku sanduku lilipopungukiwa shilingi 19,500

Mama wa mwisho alikuwa na hisa 52. Kwa bei iliyoandikwa ubaoni, 5,500 kwa hisa, alistahili kupata 286,000. Katika bakuli zilikuwa zimebaki 266,500.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Desemba 2018, chini ya mwembe, Busia upande wa Uganda. Watu 27 waliokwisha kulipwa walikuwa bado wamekaa mikekani, kwa sababu kanuni ya kikundi hairuhusu mtu kuondoka kabla ya wa mwisho kupata chake. Kanuni hiyo ndiyo iliyotuokoa. Bei ya 5,500 niliiandika mimi, kwa chaki, nikapigia mstari.

Kikundi kilikuwa cha kuweka na kukopa, watu 28, wengi wao akina mama wanaouza mukene, samaki wadogo ambao ukivuka mpaka hatua chache tu wanaitwa omena. Hisa moja ilikuwa 5,000. Kila wiki mtu alinunua kuanzia hisa 1 hadi 5, na kila hisa ikawa muhuri mmoja katika kitabu chake. Pesa zilikaa katika sanduku la chuma lenye kufuli 3, funguo zikiwa kwa watu 3 wasio na cheo chochote. Mfuko wa jamii, ule wa matanga na ugonjwa, ulikuwa katika kijifuko chake cha kitambaa na hauingii katika mgao. Mwisho wa mzunguko mikopo yote hurudishwa, sanduku hufunguliwa, jumla ya pesa hugawanywa kwa jumla ya hisa. Kwa maneno ni kazi ya dakika 10.

Tulianza na mihuri. Hesabu ya kwanza ilitoa hisa 1,169, ya pili 1,174. Tofauti ya 5 ilikuwa ukurasa mmoja ulioganda na mwenzake kwa wino. Ukishaubandua, ubishi umekwisha: muhuri upo au haupo, hakuna nusu muhuri. Kama tungeendelea na 1,169, kila hisa ingepanda bei kidogo, na mwenye ukurasa ule ndiye angewalipia wengine bila kujua.

Kisha pesa. Wahesabu wawili walizitenga kwa thamani, wakazifunga kumi kumi kwa mpira, wakahesabu, wakabadilishana mafungu, wakahesabu tena. Noti za 50,000 zilikuwa 74. Za 20,000 zilikuwa 83, za 10,000 zilikuwa 62, za 5,000 zilikuwa 57, za 2,000 zilikuwa 48, za 1,000 zilikuwa 59. Sarafu: 21 za 500, 18 za 200, 26 za 100 na 16 za 50. Jumla 6,437,500.

Sasa angalia walichohesabu hasa. Hakuna aliyehesabu hadi milioni sita. Mikono yao ilipitisha noti 383 na sarafu 81, vipande 464 kwa jumla. Ile 6,437,500 ilipatikana kwa kuzidisha na kujumlisha kwenye karatasi. Shilingi moja, ambayo kwa hesabu ndiyo kizio cha kila kitu, haikuwamo sandukuni hata moja, na sokoni haipo. Kipande kidogo kabisa tulichokuwa nacho ni cha 50, na hata hicho kuna wauzaji wanaokikunjia uso.

Kalkuleta ikasema 6,437,500 gawanya kwa 1,174 ni 5,483.39 na tarakimu nyingine zinazoendelea. Nikatazama ule mkia, nikatazama bakuli la sarafu, nikaona 5,483 haina njia ya kulipika. Nikaandika 5,500. Kila malipo yangekuwa mafungu ya 500, chenji ingekuwa rahisi, watu wangewahi nyumbani. Nilichoongeza juu ya kila hisa kilikuwa shilingi 16 na senti 61 hivi. Hakuna sarafu ya thamani hiyo. Ni kitu kisichoshikika, nami nikakichukulia kwamba hakipo. Lakini nilikiongeza mara 1,174, na mara 1,174 kikawa 19,500, noti na sarafu kamili ambazo hazikuwamo bakulini.

Mama akahesabu mabaki yake, akaniangalia. “Mwalimu, pesa ngapi imepotea?”

Swali lile limenikaa kuliko deni lenyewe. “Ngapi” huulizwa kwa vitu vya kuhesabu: mbuzi wangapi, vikapu vingapi. Kwa unga na chumvi tunauliza kiasi gani. Pesa tunaiuliza kama mbuzi, ila kwenye kujibu hatuhesabu pesa. Hakuna anayesema “pesa tatu”. Tunajibu “elfu tatu”, au “noti tatu za elfu”, yaani tunaazima neno jingine libebe hesabu. Halafu mama akasema “imepotea”, umoja, kama mtu anayesema sukari imemwagika. Katika maneno matatu aliiweka pesa upande wa mbuzi na upande wa sukari, na hakukosea popote, ndivyo inavyosemwa. Kiingereza wanachofundishwa watoto wetu shuleni kimeamua moja kwa moja: kina neno lake la kuulizia vitu kama mbuzi na lake la vitu kama unga, na pesa imewekwa kwa unga. Mtoto akichanganya anapata kosa, ingawa kwao, kwa lugha zote za nyumbani, hajawahi kuona tatizo.

Zamani “pesa tatu” ilikuwa na maana. Pwani, pesa ilikuwa sarafu ya shaba, na 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 Wajerumani upande wao wakaibadili rupia iwe na heller 100, na hapo ndipo tukapata hela. Neno pesa likabaki bila sarafu yake, likatanuka likawa jina la kitu chote. Ssente ya Waganda imepita njia hiyohiyo kutoka senti. Fedha ilianzia upande wa pili kabisa, kwenye madini yanayopimwa kwa mizani. Mshika ufunguo mmoja siku ile, Mganda, alikuwa akisema “ensimbi”, na hiyo ni simbi, kauri za baharini, ambazo Buganda zilitungwa kwenye kamba mia mia. Kwake pesa ilikuwa na kamba na idadi toka mwanzo. Alitaka tuhesabu tena.

Tukahesabu tena. Tulipomaliza mzee mmoja akasema, “Hii ni kama 1987.” Mwaka ule serikali ilikata sufuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu yake ikatoza asilimia 30. Watu walitoka benki wakiuliza zimekwenda wapi. Mzee hakuwa anatania. Ilibidi nisimame niseme kwamba hakuna aliyeiba, hakuna kilichopotea. Ubaoni ziliandikwa shilingi 6,457,000 na sandukuni zilikuwamo 6,437,500, na mwandishi ni mimi.

Wakarudisha zote bakulini, mmoja mmoja, kwa jina. Ilichukua karibu saa nzima.

Mara ya pili mwekahazina alipendekeza tutumie 5,450, iliyo salama. Ni salama kweli, ila inaacha 39,200 bila mwenyewe, na siku ya kuvunja sanduku pesa isiyo na mwenyewe ndiyo mwanzo wa magomvi. Mwingine akasema basi tushike 5,483, tuzidishe kwa hisa za kila mtu, kisha tushuke hadi 50 iliyo karibu. Hiyo inakaribia, lakini ina tundu moja ambalo nataka kulieleza, maana vikundi vingi hutumbukia humo.

Chukua mwenye hisa 48. Ukigawanya kwanza, ukatupa nukta, unapata 5,483. Mara 48 ni 263,184. Ukishuka kwenye 50 unamlipa 263,150. Ukizidisha kwanza, 48 mara 6,437,500 ni 309,000,000. Ukagawanya kwa 1,174 ni 263,202.7, ukishuka unamlipa 263,200. Mama yuleyule, sanduku lilelile, tofauti ya sarafu nzima ya 50. Sababu ni kwamba njia ya kwanza inakata mara mbili: inakata nukta ndani ya kila hisa, kisha inakata tena mwishoni. Kata mara moja tu, mwishoni kabisa, kwa kipande unachoweza kukishika.

Kalkuleta ya mwekahazina ilikataa. Ni ile ya dukani ya tarakimu 8, na 309,000,000 ina tarakimu 9, kwa hiyo ikaonyesha herufi E na kuganda. Dawa yake si kununua nyingine. Andika jumla kwa maelfu: 6,437.5. Mara 48 ni 309,000, gawanya kwa 1,174 ni 263.2027, na unaisoma elfu 263 na shilingi 202. Tulifanya hivyo kwa watu wote 28, wawili wakipiga, mmoja akiandika safu tatu: hisa, stahili kamili, malipo baada ya kushuka.

Busia ina mtego wake mwingine. “Mia tano” upande huu na “mia tano” upande ule ni vitu viwili, na mikopo miwili mwaka ule ilikuwa imerudishwa kwa pesa za Kenya kisha ikabadilishwa. Tangu siku ile kila mstari wa daftari huanza na UGX, shilingi ya Uganda, au KES, shilingi ya Kenya. Tena katika orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, UGX haina tarakimu yoyote baada ya nukta na KES ina mbili. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya upande wa pili ikichukua kila kiasi kama senti, 5,000 ya huku itaisoma kama 50. Jedwali la kompyuta nalo lina ujanja wake: linakuonyesha 5,483 huku ndani limeshika 5,483.39, kwa hiyo safu unayoisoma haifikii jumla iliyo chini yake.

Baada ya kushuka, malipo yote 28 yalifika 6,436,800. Zilibaki 700: mafungu 14 ya 50, watu 28. Kuna kikundi kingezitupa katika mfuko wa jamii, na si vibaya. Wenzetu walitaka ziishe. Kwa hiyo tuliangalia safu ya stahili kamili, ni kiasi gani cha kila mtu kilikatwa, tukapanga kutoka aliyekatwa zaidi, na 14 wa kwanza wakaongezewa 50 kila mmoja. Mwenye hisa 48 alikatwa 2.7 tu, hakuongezewa. Mwenye 52 stahili yake ilikuwa 285,136.3, akakatwa 36.3, akaongezewa. Hesabu hii ni ileile ambayo Alexander Hamilton aliipendekeza Marekani kwa kugawia majimbo viti vya bunge. Mwaka 1792 rais George Washington aliikatalia. Viti navyo havikatwi nusu.

Sarafu 16 za 50 zilitosha, kwa taabu.

Mama wa mwisho safari hii aliitwa wa kwanza. Alisaini kwa kidole gumba kwenye 285,150, pungufu ya 850 kuliko nilizomwahidi asubuhi, na alilijua hilo. Mwekahazina akampangia mkekani noti 5 za elfu hamsini, moja ya elfu ishirini, moja ya elfu kumi, moja ya elfu tano, sarafu ya mia na sarafu ya hamsini. Jirani yake akamwuliza amepata ngapi. Akavigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole chenye wino, akasema “kumi”, akavifunga kwenye pindo la leso.