Nilivyofufua bomba kuukuu la mserereko bila kulifukua lote

Bomba lenyewe ni la chuma lenye koti la zinki, lile mafundi tunaloliita GI, inchi tatu, urefu wa mita 6,400. Linatoka kwenye chemchemi ukingoni mwa milima ya Usambara na kushuka kwa mserereko, yaani maji yanajiendea yenyewe bila pampu, hadi tenki la lita 75,000 tambarare. Ni la kizazi cha mpango wa maji vijijini ulioanza mwaka 1971, uliolenga kila mwananchi apate maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Lilisanifiwa lipitishe lita 3 kwa sekunde. Nilipoanza kazi, tenkini zilikuwa zikiingia lita 1.1, na kwenye vilula vya mwisho akina mama walikuwa wakipanga ndoo tangu saa tisa usiku. Pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kung'oa lote na kulaza jipya. Mwishowe nilibadilisha mita 1,560 tu. Bomba haliozi kwa usawa, na sehemu kubwa ya kazi hii ni kujua limeoza wapi kabla sururu haijagusa ardhi.

Nilianza kwa kuitembea njia yote katikati ya kiangazi, kwa sababu masika kila mahali ni kijani na unyevunyevu hausemi kitu. Kiangazi, ukanda wa majani mabichi juu ya mtaro wa zamani ni taarifa ya uvujaji. Kila valvu, washauti (tawi la kutolea uchafu), kilula na tenki la kupunguza presha nilivitia kwenye simu kwa alama za ramani. Kimo sikukiamini kwenye simu. Inaweza kukosea mita kumi na zaidi, na katika maji ya mserereko mita kumi ni bar moja nzima ya presha. Vimo nilivipima kwa leveli ya wapima ardhi.

Hatua ya pili ni kujua yanaingia mangapi na yanatoka mangapi. Chanzoni hapakuwa na dira. Nilifunga valvu ya kutolea, nikasubiri nusu saa maji yatulie, nikapima yanayomwagika kwenye bomba la ziada, lile la kutolea maji yanayozidi: lita 3.9 kwa sekunde. Nikafungua, nikasubiri tena, nikapima: lita 1.5. Tofauti, lita 2.4, ndiyo iliyoingia bombani. Kwa kipimo hiki tumia chombo kikubwa. Ndoo ya lita 20 hujaa kwa sekunde tano tu kwenye mtiririko huo, na ukichelewa sekunde moja kubonyeza saa umekosea kwa asilimia 20. Nilitumia pipa la lita 200, mara tatu, nikachukua wastani. Chanzoni 2.4, tenkini 1.1: lita 1.3 kila sekunde zilikuwa zinapotea njiani, yaani zaidi ya lita 112,000 kwa siku.

Kisha nikaligawa bomba vipande vinne: mita 2,100 kutoka chanzo hadi tenki la kupunguza presha, mita 1,900 za mteremko, mita 1,380 kwenye udongo mweusi wa mbuga, na mita 1,020 za mwisho. Hapa wengi hukosea kwa kuziamini geti valvu za zamani. Valvu iliyokaa miaka 40 hugeuka hadi mwisho na bado inapitisha, kwa sababu kiti chake kimejaa kutu. Ukipima kipande kwa kuitegemea, uvujaji wa kipande cha jirani utaonekana wako. Nilifungua yunioni (viungo vinavyofunguka) pande zote mbili, nikaziba kwa plagi, nikajaza maji kwa pampu ya mkono ya kupimia presha kutoka sehemu ya chini kabisa huku hewa ikitokea juu.

Kipande cha kwanza kilishika presha, kikidai kuongezewa lita 9 tu kwa dakika 30. Cha pili vilevile. Cha tatu hakikupanda zaidi ya bar 3 hata tulipopampu bila kupumzika. Cha nne kilipanda na kushuka taratibu. Nilipokadiria kwa presha ya kawaida ya kazi, cha tatu kilikuwa kinamwaga lita 0.75 kwa sekunde na cha nne 0.25. Jumla lita moja. Lita 0.3 zilizobaki sikuzikuta kwenye uvujaji wowote. Zilikuwa zikimwagika kichakani kutoka bomba la ziada la tenki la kupunguza presha, usiku na mchana, na kila aliyepita aliona ni tenki limejaa, basi mambo ni mazuri.

Tenki lile lilifurika kwa sababu kipande cha pili hakikuweza kumeza kilicholetwa, ingawa hakikuvuja. Mita 700 chini yake njia inapanda kigongo kidogo kabla ya kushuka tena. Juu ya kigongo palikuwa na valvu ya hewa, ikavuja, na mtu akaing'oa na kuweka plagi. Nimekuta jambo hili kwenye njia nyingi mno. Hewa inayojikusanya pale hukaa kama kizibo laini: maji hupita kwa chini tu, na kwenye kilula cha kwanza unasikia bomba likikohoa. Niliweka valvu mpya ya hewa ya inchi moja, chini yake koki ya tufe (ball valve) ili siku ikiharibika ifungwe na kutengenezwa badala ya kung'olewa, nikaijengea chemba yenye mfuniko na tundu la kutolea maji. Kabla ya kuifunga nilihakikisha kwa geji ya presha kwamba maji yakitembea pale juu kuna angalau bar 0.5; kulikuwa na 0.9. Presha ikiwa chini ya angahewa, valvu hiyo hiyo itavuta hewa na uchafu ndani. Kufurika kulikoma siku ile ile.

Kipande cha kwanza kinamwaga wazi kwenye tenki la kupunguza presha, na tofauti ya kimo ni mita 21. Mita zote 21 zinaliwa na msuguano, hivyo mtiririko wenyewe unakuambia hali ya ndani. Kwa hesabu ya msuguano ya Hazen-Williams, lita 2.4 zinatoa kigezo C cha 80; kadiri C inavyoshuka, ndivyo ndani ya bomba kulivyo na mikwaruzo. Bomba la aina hii likiwa jipya ni kama 120. Kwa mfano wa haraka: kwa lita 3 kwa sekunde, inchi tatu yenye C 120 hula mita 7 za kimo kwa kila kilomita, na ikishuka hadi 70 hula mita 19.

Namba hazikunitosha. Kila mita 500 hivi nilikata kipande cha sentimita 30, nikakipasua kwa urefu, nikakiloweka kwenye siki usiku mzima, nikakisugua na kupima unene kwa kalipa. Bomba hili likiwa jipya lina ukuta wa milimita 4. Kipande cha kwanza, kwenye udongo mwekundu usiotuamisha maji, kilikuwa na milimita 3.1 hadi 3.4 chini ya vivimbe vya kutu. Kwenye mbuga, udongo unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, mashimo yalianzia nje na penginepo ukuta ulibaki milimita moja au ulikuwa umetoboka. Uvujaji mwingi ulikuwa kwenye soketi, na sababu iko wazi: uzi wa inchi tatu hula karibu milimita 1.5 za ukuta na kuondoa zinki yote pale pale. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba ukuta uliobaki chini ya milimita 2 haukarabatiwi, unabadilishwa. Chuma chembamba ukikisafisha ndani unakitoboa, kwa kuwa mara nyingi kivimbe cha kutu ndicho kinachoziba tundu.

Kwa hiyo nilisafisha kipande cha kwanza tu. Nilitumia silinda za sponji nzito, urefu sentimita 15. Ya kwanza ilikuwa ya kipenyo cha milimita 80, sawa na bomba, kupima kama njia inapitika. Zilizofuata 90, kisha 100. Zinaingizwa kwenye yunioni chini ya chanzo, maji yanazisukuma. Bomba hili hubeba lita 5 kwa kila mita, hivyo kwa lita 2.4 sponji hutembea karibu nusu mita kwa sekunde na inatakiwa kutokea mwisho baada ya dakika 75 hivi. Ikipita dakika 100, imekwama. Utajua wapi kwa geji: juu yake presha iko juu, chini yake imeanguka. Mara mbili zilikwama, zote kwenye geti valvu ambayo haikufunguka hadi mwisho. Niliziondoa valvu hizo na kuweka kipande kitupu kwa muda. Usitarajie sponji itoke kwenye washauti ya inchi mbili. Fungua bomba lenyewe mwishoni na uweke kikapu cha wavu. Huduma ifungwe wakati huo wote. Yanayotoka mwanzoni ni kama uji wa kutu. Nilipitisha sponji nane hadi maji yakawa meupe, na mtiririko ukapanda kutoka 2.4 hadi 2.9. Ndiyo kusema C ilifika karibu 97.

Kusafisha bila kugusa chanzo cha kutu ni kujichosha. Maji haya ni laini, yaani yana madini kidogo, na pH, kipimo cha uasidi, ilikuwa 6.1, chini ya 7 ya kati, na maji ya namna hiyo hula chuma. Ndani ya chemba ya chemchemi nilijenga kitanda cha kokoto za mawe ya chokaa, milimita 10 hadi 20, kina cha sentimita 60. Ni mawe mabichi, si chokaa iliyochomwa ya kupakia kuta, ambayo itapandisha pH kupita kiasi. Tanga mawe ya chokaa hayana shida kupatikana. pH ilipanda hadi 7.1. Kokoto huyeyuka taratibu na lazima ziongezwe.

Kipande cha tatu kilikwenda chote. Nililaza HDPE, bomba la plastiki ngumu, la milimita 90. Sehemu ya chini kabisa maji yakisimama yana kimo cha mita 84, yaani bar 8.2. PN10, daraja la bar 10, ingetosha kwenye karatasi, lakini nilichagua PN12.5 kwa ajili ya mishtuko ya mtu anayefunga valvu kwa pupa. Kipenyo chake cha ndani ni milimita 76.6, na kwa lita 3 hula mita 6 kwa kilomita, bado chini ya chuma kipya.

Roli za mita 100 ziliunganishwa kwa kuchomelea uso kwa uso. Sahani ya kuyeyushia ncha ilikuwa nyuzi 210 hadi 220. Ncha zinakwanguliwa, zinafutwa kwa spiriti, haziguswi tena kwa kidole. Kupishana kwa kingo kusizidi asilimia 10 ya unene, hapa milimita 0.67. Kiungo kinaachwa kwenye mashine kipoe chenyewe. Anayekimwagia maji ili awahi anajitengenezea ufa wa mwaka ujao. Upepo wa tambarare hupoza sahani upande mmoja, hivyo tulizungushia turubai. Mtaro ulikuwa sentimita 90, chini sentimita 10 za udongo uliochekechwa, bomba limelazwa kwa kupindapinda. Mita 100 za HDPE zikipoa kwa nyuzi 20 hufupika sentimita 30 hadi 40. Ukifunga ncha zote saa nane mchana, usiku litajivuta na kuchomoka. Ncha za mwisho tulizifunga saa moja asubuhi.

Kiungo cha chuma na plastiki kina mtego wake. GI ya inchi tatu ina kipenyo cha nje cha milimita 88.9, HDPE ni 90. Kiungio cha kukaza cha 90 kinaingia vizuri kwenye chuma, kinakazwa, kinaonekana kimekubali, kisha kinavuja presha ikipanda. Nilitumia flanji, sahani za kuunganisha kwa bolti, pande zote. Huko nako flanji za zamani za inchi tatu zina matundu manne, za sasa za PN16 zina manane na duara lake ni kubwa zaidi, hazikutani. Kata ya zamani, tia uzi mpya kwenye chuma kizima, funga flanji mpya.

Ndani ya kipande cha nne kulikuwa na mita 180 za saruji ya asbesto. Kipande chake kilichovunjika nilikidondoshea finolftaleini, kemikali ya kupimia: palipobaki chokaa hugeuka waridi, palipoliwa hapabadiliki. Waridi ilibaki mstari mwembamba katikati. Bomba hilo halikatwi kwa msumeno wa umeme na halifukuliwi. Nililaza HDPE pembeni, la zamani likabaki ardhini limezibwa, na kuwekewa alama kwenye ramani. Pale tulipolazimika kulifungua, tulililowesha muda wote na kuvaa barakoa za P3, zinazochuja vumbi laini. Mita 840 za chuma zilizobaki zilikuwa na uvujaji sehemu saba. Zilipata klempu za chuma kisichoshika kutu.

Bomba jipya nililipima kwa bar 12.3, mara moja na nusu ya presha ya kazi. HDPE hutanuka kidogo, kwa hiyo presha hushuka mwanzoni bila uvujaji. Ongeza maji kwa nusu saa ya kwanza, ndipo uanze kusoma. Kisha dawa ya kuua vijidudu: mita 1,560 zinabeba lita 7,200, na kwa miligramu 50 kwa lita zinahitajika gramu 550 za HTH, dawa ya klorini, ya asilimia 65. Ilikaa saa 24. Maji hayo tuliyamwaga kwenye shimo mbali na kijito, kwa kuwa yanaua samaki, tukasuuza hadi klorini ikabaki kati ya miligramu 0.2 na 0.5.

Sasa chanzoni zinaingia lita 2.9 na tenkini zinafika 2.75. Pande zote mbili kuna dira, na fundi wa jumuiya ya watumia maji anazisoma kila Jumatatu saa kumi usiku, vilula vikiwa vimefungwa. Tofauti ikizidi lita 0.3 kwa sekunde, anaanza na klempu za kipande cha nne.