Nilivyojifunza kufanya kazi na mbwa mwenye silika kali ya kuwinda

Watu wanaonipigia simu kuhusu mbwa anayekamata kuku huwa wameshakata shauri. "Huyo ameshaonja damu," wananiambia, "hawezi kuacha tena." Wengine wameshamchapa, wamemlaza njaa, na wapo waliomfunga kuku mfu shingoni mpaka akaoza. Kinachofuata ni sumu. Mimi nafundisha mbwa hapa Arusha, upande wa Tengeru, na mbwa wa namna hiyo naishi naye. Nimesomea jinsi ya kumshughulikia, na nina hakika wengi wanaouawa wangeweza kuishi.

Jina lake Bosko. Ni Malinois, wale mbwa wa Ubelgiji wanaofanana na German Shepherd ila wepesi zaidi. Kampuni moja ya ulinzi ilimnunua, kisha ikamwacha: pua anayo, nguvu anazo, lakini digidigi akikatiza mbele yake kazi imekwisha. Alipofika kwangu alikuwa ameshamaliza kuku wa watu na kumrarua mbuzi mmoja paja. Nilianza na chanjo ya kichaa cha mbwa, maana mbwa anayewinda hukutana na nguchiro na bweha, nao hubeba ugonjwa huo.

Wakati huo nilikuwa najua kufundisha "kaa", "lala" na "njoo". Bosko naye alizijua zote. Ndani ya uzio alinitii kabla sijamaliza kutamka, lakini mbuzi wakipita nje hakusikia hata jina lake. Nikaona hapa panahitaji elimu nyingine. Nikajiunga na kozi ya mtandaoni ya walimu wa Ulaya, ambapo unarekodi video za mazoezi yako na mwalimu anakurudishia masahihisho. Ilinisaidia sana kwa nadharia. Ila mkono wangu ulifundishwa na mzee mmoja wa Usa River, aliyekuwa mshika mbwa wa kunusa hadi alipostaafu.

Eneo hilo lina utaalamu huo. Tangu mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation limekuwa na mpango wa kuwafunza mbwa na washika mbwa kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona, kisha wanapelekwa kwenye viwanja vya ndege na bandari za Afrika Mashariki. Mbwa wa kazi hiyo huchaguliwa kwa hamu yao ya kukimbiza na kukamata. Mzee alinieleza kwamba akimjaribu mbwa mchanga hurusha mpira kwenye nyasi ndefu na kusubiri. Anayetafuta kidogo na kukata tamaa, hamchukui. Anayetafuta mpaka ulimi unaning'inia na bado hataki kuondoka, huyo ndiye. Hamu ile ile inayomfanya Bosko aruke uzio ndiyo inayomfanya mwenzake apekue mizigo asubuhi nzima akitegemea kupewa mpira mwishoni. Kusikia hivyo kulinibadilisha mtazamo. Sikuwa tena na kazi ya kuizima hamu yake. Kazi ilikuwa kumpa pa kuipeleka.

Raymond Coppinger, mwanabiolojia wa Marekani aliyewachunguza mbwa wa kazi kwa miaka mingi pamoja na mkewe Lorna, alieleza uwindaji wa mbwa kama mlolongo: kugundua, kukodoa macho, kunyatia, kukimbiza, kukamata, kuua, kurarua, kula. Binadamu kwa kuchagua wa kuzalisha wamekuza baadhi ya hatua na kulegeza nyingine. Border Collie ana kukodoa macho, kunyatia na kukimbiza kwa wingi, lakini kung'ata kumepunguzwa, ndiyo maana anachunga kondoo bila kuwaumiza. Terrier hukamata panya na kumtikisa mpaka afe. Mbwa wanaolinda mifugo mlolongo huo kwao ni dhaifu, na tena hulelewa katikati ya mbuzi tangu wangali wadogo. Bosko yeye anakimbiza na kukamata kwa nguvu zote, na akishakamata haachii.

Mlolongo huu una jambo moja ambalo wamiliki wengi hawajaambiwa. Kila hatua ni tamu yenyewe. Mbwa aliyemkimbiza paka akamkosa amerudi na furaha yake, kwa sababu mbio zenyewe ndizo malipo. Kwa hiyo kila mara anapofanikiwa kukimbiza, amejifundisha. Na ukimchapa akisharudi, unachokiadhibu ni kurudi.

Ndiyo maana kitu cha kwanza tulichofanya hakikuwa mafunzo hata kidogo. Tulipandisha seng'enge. Tukanunua kamba ya mita 10, si ya kufunga shingoni bali kwenye mikanda ya kifuani, kwa sababu mbwa wa kilo 30 akifika mwisho wa kamba kwa kasi anaweza kujiumiza koo na uti wa shingo. Glovu ni lazima, na kamba haizungushwi mkononi. Kisha nikaenda kwa bibi jirani, mwenye kuku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na hela au na maneno?"

Nilikuja na vyote viwili. Nikamlipa jogoo wake, tukakubaliana kuku wasifunguliwe kabla ya saa nne asubuhi, muda ambao mimi nimeshamaliza mazoezi. Naliandika hili kwa kirefu kwa sababu kozi nyingi za Ulaya zinadhani kila kuku yuko bandani na kila mbuzi yuko ndani ya ua. Huku kwetu mbuzi wanapita barabarani jioni na mchungaji mwenyewe ni mtoto wa darasa la nne. Bila kuelewana na majirani, hakuna mbinu itakayokusaidia.

Somo lenyewe tulilianza kandoni mwa njia ya mbuzi, mbali kabisa, mahali ambapo Bosko aliweza kuwaona na bado akala dagaa mkononi mwangu. Hicho ndicho kipimo cha umbali. Akitema dagaa, tumesogea mno. Mimi nilikuwa nawakodolea macho mbuzi, nikihofia watasogea. Mzee akanigusa bega: "Usiwatazame mbuzi, binti. Mtazame mbwa."

Nikamtazama. Mdomo uliokuwa wazi ukihema ulifumba ghafla. Masikio yakaenda mbele, ngozi ya paji ikajikunja kati ya macho. Kifua kikatulia kana kwamba hapumui. Uzito ukahamia miguu ya mbele, mguu mmoja ukainuka na kubaki hewani, mkia ukakakamaa usawa wa mgongo. Hajakimbia bado. Kati ya hapo na mbio kuna sekunde moja au mbili, na kazi yote ya mtu anayefundisha mbwa wa aina hii imo humo. Akishachomoka, sauti yako haina nafasi.

Nilichofundishwa kufanya katika sekunde hizo kilinishangaza: kumsifu. Kwa sauti ya chini, ndefu, "vizuuuri", akiwa amesimama anatazama. Kusimama na kutazama ni sehemu halali ya uwindaji, na ni sehemu isiyomdhuru mtu. Ukiilipa, mbwa hukaa pale muda mrefu zaidi, na anapokaa kichwa chake kinabaki wazi. Baada ya majuma ya jioni nyingi Bosko alianza kutazama, kisha kunigeukia, kana kwamba anauliza, "umewaona?" Mara ya kwanza alipofanya hivyo nilitokwa machozi, na mzee akanisubiri bila kusema neno.

Akishageuka, sasa anadai malipo, na dagaa haitoshi. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani David Premack alieleza kwa vipimo jambo ambalo mama yeyote anayesema "maliza ugali ndipo ukacheze" analijua: tendo linalopendwa zaidi linaweza kulipa lile linalopendwa kidogo. Kwa Bosko linalopendwa ni kukimbiza. Basi malipo ya kuacha kukimbiza mbuzi ni kukimbiza kitu kingine, mara hiyo hiyo, pamoja nami.

Kitu hicho tulikitengeneza wenyewe: ufito wa mwanzi, kamba ya katani, na kipande cha gunia mwishoni. Fundi mmoja alinishauri ngozi ya mbuzi ingempendeza zaidi. Nilikataa, sitaki ajizoeze harufu hiyo mdomoni. Mchezo una sheria. Anakaa, gunia linatambaa chini mbele yake, hasogei. Nikisema "kamata" anaruka. Akilikamata tunavutana kidogo, nikisema "achia" anaachia, tunaanza tena. Kila mzunguko unamfundisha kupanda mori na kutulia tena, na neno "achia" linazoezwa akiwa katika joto lile lile analokuwa nalo kwa kuku. Gunia halipaishwi juu, kwa sababu kuruka na kujipinda huharibu magoti, na mbwa ambaye hajatimiza mwaka hachezeshwi hivi kwa nguvu. Dakika chache zinatosha. Baada ya hapo namwaga dagaa kwenye nyasi azinuse moja moja, maana kunusa taratibu humtuliza.

Filimbi ya kumwita tuliijenga pembeni. Kwanza ndani ya nyumba tu, kabla ya chakula cha jioni, mpaka ikawa akiisikia mate yanamtoka. Ikaenda uani, ikaenda njiani akiwa na kamba. Sikuwahi kuipuliza pale nilipojua hatakuja, na hadi leo siipulizi hivyo.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kola za umeme zinazoagizwa mtandaoni. Sizitumii. Mbwa anapopigwa shoti akimtazama mbuzi, hakuna anayejua ameyaunganisha maumivu yale na nini: mbuzi, mtoto anayemchunga, au mwenye mbwa. Wapo wanaoanza kukishambulia kile kilichokuwa mbele yao. Wales walipiga marufuku kola hizo mwaka 2010, na kwa niliyoyaona kwa mbwa wanaoletwa kwangu nawaunga mkono.

Leo Bosko anapita kando ya mbuzi wa jioni akiwa na kamba iliyolegea. Bodaboda, ambazo zamani alizifukuza hadi barabara ya lami, anazitazama na kunigeukia. Kuhusu kuku nasema wazi: simwachi nao peke yake, wala sitamwacha. Silika haikuondoka, na mwalimu anayekuahidi kuiondoa anakudanganya. Kwa tumbili bado tunahangaika, kwa sababu wao humchokoza makusudi kutoka juu ya mparachichi na kumtupia matunda, na msimu wa maparachichi hatoki mlangoni bila mita zake 10.

Wateja wanaoniletea mbwa kama yeye nawapa sharti moja kabla hatujaanza. Anayemlisha na kumfungulia geti aje pia. Katika nyumba nyingi za huku si mwenye nyumba, ni mlinzi au dada wa kazi, na ndiye anayeiona ile sekunde kila siku. Mlinzi mmoja wa Njiro alikuja akiwa amesimama mbali, mikono nyuma, akidhani hayamhusu. Nikampa ufito, nikamwonyesha mdomo unavyofumba. Wiki iliyofuata bosi wake alinipigia kuniambia mlinzi ameshatengeneza ufito wake, na kwamba anataka naye anunuliwe filimbi.