Kurasa zinasuasua, kumbe torenti inapakia

Kama kurasa zinafunguka kwa kusuasua ilhali laini haina hitilafu, kagua kwanza upande wa kupakia, yaani data inayotoka kwenye kompyuta kwenda mtandaoni. Kwetu nyumbani tatizo lilikuwa huko.

Nilibadilisha kivinjari, nikazima na kuwasha ruta, wapi! Kilichonipa mwanga ni ping, kipimo cha muda ambao ujumbe mdogo hutumia kwenda mtandaoni na kurudi: jibu lililozoea kurudi kwa milisekunde 40 hivi lilichukua zaidi ya 900. Nikafungua Resource Monitor ya Windows, sehemu ya Network, nikapanga programu kwa safu ya Send. Juu kabisa ilikaa programu ya torenti, ya kugawana faili moja kwa moja kati ya kompyuta za watu. Dirisha lake limefungwa, lakini yenyewe imejificha pembeni mwa saa, inaendelea kuwagawia watu faili ambalo kaka alishamaliza kulishusha.

Watu wengi hawaangalii hapo. Ili ukurasa ufunguke, kompyuta lazima itume maombi, na vithibitisho kwamba data imefika, kwenye seva. Njia ya kupakia ikijaa, vyote hivyo vinapanga foleni kwenye ruta, na kushusha nako kunakwama.

Programu sikuifuta. Laini yetu inapakia megabiti 1 kwa sekunde, yaani kilobaiti 125, basi nikaweka kikomo cha kupakia kilobaiti 80. (Tafadhali usichanganye biti na baiti, kikomo kitakuwa cha bure.) Ukiacha 0, maana yake hakuna kikomo kabisa. Nikapunguza idadi ya miunganisho yake na kompyuta nyingine, nikaondoa tiki ya kuwaka pamoja na Windows. Ping ikashuka hadi 45, torenti ikiwa bado inafanya kazi.