Nilivyosimika Ubuntu upya kwa sababu ya mstari niliouandika mwenyewe

Nikiri mapema kwamba mchawi wa kisa hiki nilikuwa mimi. Miezi kadhaa kabla, nikiandaa programu ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM), nilichoka kurudia maelekezo yale yale ya kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, kila siku, nikayaweka kwenye .bashrc, faili linalosomwa kila ninapofungua dirisha la amri: export CFLAGS="-march=armv7-a". Kazi ikaisha, nikalipwa, mstari nikausahau.

Nilipoanza mradi mwingine, safari hii wa kompyuta yangu ya kawaida ya Intel, CMake, zana inayoandaa ujenzi wa programu, iligoma kabla haijagusa msimbo wangu, ikidai kwamba kompaila ya C haiwezi kujenga hata programu ndogo ya majaribio. Ukiusoma ujumbe huo juu juu utaapa kwamba kompaila imeharibika, na ndivyo alivyoapa kaka mmoja wa ofisini kwetu Kijitonyama: "Mdogo wangu, hiyo mashine imechoka, futa yote uanze upya."

Nikamsikiliza. Nilinunua bando la usiku kwa shilingi elfu kadhaa, nikashusha Ubuntu, mfumo endeshi wa mashine yangu, hadi alfajiri huku feni ikinipulizia joto la Januari, kisha nikaisimika kwa uangalifu mkubwa, nikijipongeza kwa kuiacha sehemu ya /home kama ilivyokuwa, maana ndimo zilimokuwa kazi zangu zote. Ndimo ilimokuwa .bashrc pia. Mfumo mpya, kompaila mpya, kosa lile lile neno kwa neno.

Kilichoniokoa ni kufungua akaunti nyingine ya mtumiaji, kuingia kwa jina hilo na kunakili humo msimbo peke yake. Ulijengeka mara moja! Basi ugonjwa ulikuwa nyumbani kwangu. Nikarudi, nikaandika env | grep FLAGS kuona mipangilio ya kompaila, na armv7-a ikanikodolea macho: jina la prosesa ya ARM, ambalo kompaila ya Intel hailitambui.

Niliufuta mstari, nikafungua dirisha jipya, kosa likabaki, kwa kuwa CMake husoma CFLAGS mara ya kwanza tu na kuihifadhi ndani ya CMakeCache.txt. Futa folda nzima ya build, ile ya ujenzi ambamo faili hilo hukaa. Kuanzia toleo la 3.24, cmake --fresh huiondoa kumbukumbu hiyo. Wanaotumia hati ya configure badala ya CMake wasitegemee make clean, kwani Makefile, faili la hatua za ujenzi, hubaki na maelekezo ya zamani. Wanahitaji make distclean, kisha waendeshe configure upya.

Maelekezo ya Raspberry Pi sasa yanakaa katika faili lake ndani ya mradi wake, na CMake huyasoma pale tu ninapoitajia kwa CMAKE_TOOLCHAIN_FILE.