Marekani waliyonisimulia wazee wa Kansas

Tangu nirudi Muheza, watu wanakuja kunisalimia kwa zamu. Shikamoo, marahaba, chai, maandazi, kisha macho yanaanza kutembea sebuleni yakitafuta dalili za kontena. Kontena halipo. Nimerudi na masanduku, kiuno kinachouma, na akiba ya kumalizia nyumba ya mama. Shangazi yangu, ambaye neno halimlali kifuani, aliniuliza mbele ya wageni: "Mwanangu, miaka yote hiyo kwa Wamarekani, ndiyo hivi tu?"

Vijana wa mtaani wana swali lao jingine: ati, kule kuna maskini? Wanauliza wakicheka, kana kwamba jibu wanalo. Basi mimi huwasimulia habari za wazee wangu wa Wichita, jimbo la Kansas, kwa sababu ndio niliokaa nao kuliko mtu yeyote mwingine nchini kule. Watu hapa husema tulienda kubeba boksi. Mimi nilibeba wazee: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwalisha, kuwabadilisha nepi usiku. Nilipoanza kazi, wengi wao walikuwa wamezaliwa kabla ya 1925, kwa hiyo ule Mdororo Mkuu wa Uchumi wa miaka ya 1930 uliwakuta watoto au wari.

Ukitandika vitanda vyao utakuta mkate umefungwa kwenye leso ya karatasi chini ya mto. Kuna bibi alikuwa anaosha karatasi ya foili ya kufungia chakula, anaikunjua kwa kiganja mpaka inyooke, anaiweka kwenye droo. Kuna babu aliyekuwa na donge la vipande vya kamba, kila kipande kifupi kuliko kidole, vimeunganishwa. Chakula chao kililipiwa, pensheni inaingia kila mwezi, lakini mkono ulikuwa na kumbukumbu zake. Wauguzi vijana walisema ni uzee tu. Ukiwa na subira ya kukaa nao baada ya zamu kupoa, ungesikia vinginevyo.

Vitabu huanza na New York, tarehe 29 Oktoba 1929, siku bei za hisa zilipoporomoka. Wazee wa Kansas hawakuanzia hapo. Baba zao hawakuwa na hisa hata moja. Wao walianzia kwenye ngano. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ngano ilikuwa na bei nzuri, serikali ikahimiza watu walime zaidi, wakakopa wakanunua matrekta, wakafumua majani ya asili yaliyokuwa yameshika udongo ule tangu enzi na enzi. Mwaka 1931 walivuna kupita kiasi, na ndipo bei ikashuka hadi senti 25 hivi kwa busheli, yaani kama kilo 27. Gharama ya kulima ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Mkulima alikuwa na ghala limejaa na hana pesa ya chumvi.

Kisha benki. Msiwaze hizi zenye matawi kila mkoa. Benki ya mji mdogo ilikuwa chumba kimoja, mlango mmoja, na mwenyewe mnasali naye kanisa moja. Asubuhi moja unakuta karatasi imebandikwa mlangoni, na fedha za mahari, za mbegu, za mazishi, zote zimekwenda. Kati ya 1930 na mwanzo wa 1933 zilifungwa benki takriban 9,000 nchi nzima, na bima ya kitaifa ya kulinda akiba za wateja wa benki haikuwepo. Franklin Roosevelt alipoapishwa kuwa rais Machi 1933, jambo lake la kwanza lilikuwa kufunga benki zote za nchi kwa siku kadhaa zikaguliwe. Wakati huo karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne alikuwa hana kazi. Babu wa kamba, nchi yake ilipoweka bima, bado hakuamini. Mpaka namfahamu mimi, sehemu ya hela zake ilikuwa ndani ya soksi, na mwanawe alijua soksi ipi.

Juu ya yote hayo, mvua ikagoma. Kuanzia 1932 ukame, na ule udongo uliofumuliwa ukaanza kuondoka na upepo. Walinieleza jinsi mama zao walivyotundika mashuka yaliyoloweshwa madirishani, na jinsi sahani zilivyopangwa mezani zikiwa zimefunikwa kifudifudi, zigeuzwe pale tu chakula kinapopakuliwa. Vumbi lilijaza hewa umeme kiasi kwamba watu waliogopa kupeana mikono kwa cheche, na magari yalikokota minyororo chini ili umeme uishie ardhini. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 lilikuja wingu jeusi kama ukuta, mchana ukawa usiku, na wapo waliopiga magoti wakidhani kiyama kimefika. Watoto walikufa kwa homa ya mapafu ya vumbi. Bibi wa karatasi za foili alizika mdogo wake hivyo. Aliliongea hilo mara moja tu.

Jikoni ndiko walikopenda kukaa katika hadithi zao, nami nilipenda kuwafuata huko. Walichemsha majani ya porini ambayo kabla ya hapo yalikuwa chakula cha ng'ombe. Walikula sungura hadi wakawachukia, maana sungura walizidi mazao yaliyobaki, na wanakijiji walikusanyika kuwaswaga na kuwapiga marungu kwa maelfu. Maharage, mahindi, mkate na mafuta ya nguruwe. Na nguo? Viroba vya unga. Unga uliuzwa katika magunia ya pamba, akina mama wakawa wanayafumua na kushona magauni, chupi, mapazia. Wenye viwanda walipoona hivyo wakaanza kuchapa maua kwenye magunia, na nembo kwa wino unaotoka ukifua. Baba akitumwa dukani aliambiwa achague kiroba chenye ua lilelile la mwezi uliopita, la sivyo gauni halitimii. Bibi mmoja alinieleza habari hizo kwa maringo kabisa, kama mwanamke wa Tanga anayekumbuka doti ya kanga aliyoitafuta duka kwa duka.

Mama yangu niliposimulia hili hakushangaa hata chembe. Yeye chini ya kitanda chake kuna sabuni za miche za kutosha mwaka mzima, na haziguswi. Ni mtu wa foleni za miaka ya themanini mwanzoni, baada ya vita vya Kagera, sukari na sabuni zilipokuwa hadithi. Wangekutana na yule bibi wangeelewana bila mkalimani.

Lakini kilichonigusa zaidi kuliko njaa yao ni aibu. Hili sikulitegemea kwa Wamarekani. Walikuwa wamelelewa kuamini kwamba mtu akifanya kazi kwa bidii anafanikiwa, kwa hiyo asiyefanikiwa ana kasoro. Kazi zilipokwisha kwa mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, kila mmoja alijiona kasoro peke yake. Kulikuwa na wanaume waliovaa tai asubuhi, wakabeba chakula cha mchana, wakashinda bustanini hadi jioni ili majirani na hata wake zao wasijue wameachishwa. Kabla ya 1933 msaada ulikuwa wa kaunti na makanisa, na ili uupate uliapa hadharani kwamba wewe ni fukara. Katika baadhi ya majimbo kiapo hicho kilikunyang'anya haki ya kupiga kura. Mkaguzi aliingia jikoni akafungua makabati kuona kama mna kitu. Wengine walikufa na njaa yao kuliko kufunguliwa kabati.

Vijana waliona ni mzigo kukaa mezani, wakaondoka. Inakadiriwa vijana 250,000 walizurura wakidandia treni za mizigo. Ndoa zilipungua, uzazi ukapungua, na talaka pia zikapungua, maana hata kuachana kunataka pesa. Wanawake walioolewa walifukuzwa kazi ili, ilisemwa, wawapishe wanaume. Na Wamarekani weusi, walioajiriwa mwisho na kufukuzwa kwanza, katika miji mingi karibu nusu yao walikuwa bila kazi kufikia 1932. Mfanyakazi mwenzangu mmoja mweusi alipenda kusema kwamba bibi yake hakuona tofauti kubwa Mdororo ulipoanza. Alikuwa anatania, na hakuwa anatania.

Kulikuwa na minada pia, na hapa wazee walikuwa wanacheka mpaka wanakohoa. Benki ikitaka kuuza shamba la mdaiwa, majirani walifurika mnadani. Trekta inanadiwa, mtu anataja senti tano. Mgeni akithubutu kupandisha, anajikuta amezungukwa na wanaume wakimya wenye mabega. Mwisho vitu vyote vinanunuliwa kwa dola chache na kurudishiwa mwenyewe. Dalali anajua, polisi anajua, na wote wanatazama pembeni. Huko Iowa mwaka 1933 wakulima walifika hatua ya kumburuta hakimu nje ya mahakama na kumvalisha kitanzi kwa sababu alikuwa anasimamia kesi za kunyang'anya mashamba. Hakufa, ila jeshi la jimbo liliitwa.

Sasa kwa shangazi na wanaomuunga mkono, kuna jambo moja nawaomba mlisikie vizuri. Mwaka 1932 wahamiaji walioingia Marekani walikuwa kama 35,000. Walioondoka walizidi 100,000. Watu waliokuwa wamevuka bahari kuutafuta utajiri walifunga mizigo wakarudi Italia, Poland, Ugiriki, mikono ikiwa imekauka. Mbali na hao, watu wa asili ya Meksiko walisombwa kwa mamia ya maelfu, wengine kwa msako, wengine kwa kutishwa na kupewa tiketi ya treni, na wengi wao walikuwa watoto waliozaliwa Marekani, raia kamili. California iliomba radhi rasmi mwaka 2005. Na msidhani Tanga ilikuwa salama: kamba za mkonge ndizo zilizofunga miganda ya ngano kwenye mashine za kuvunia za wakati ule, na dunia ilipoacha kununua, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yetu yakapunguza mishahara na manamba, wale vibarua wa mkataba.

Kilichobadilisha mambo kule kilikuja polepole na kwa viraka. Napenda kimoja kuliko vyote: kambi za vijana za kupanda miti na kutengeneza mabwawa, zilizoanza 1933. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwa wazazi wake. Mzee mmoja aliyepitia kambi hizo aliponiambia hivyo nilimshika mkono, nikamwambia, babu, kumbe na wewe ulikuwa diaspora. Hakunielewa, lakini alinieleza jinsi mama yake alivyonunua viatu kwa hela ya kwanza na kumwandikia barua yenye mchoro wa viatu hivyo.

Pensheni ya uzeeni ilipitishwa na sheria ya Agosti 1935, na kima cha chini cha mshahara mwaka 1938, senti 25 kwa saa. Hizo ndizo nguzo walizosimamia wazee wangu wakati nawahudumia. Ila ukisoma vizuri sheria ile ya 1935 utaona wamewaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, kazi walizokuwa wanafanya watu weusi wengi wa Kusini. Waliingizwa kidogo kidogo miaka ya 1950. Na wale wanaowatunza wazee majumbani mwao kupitia mawakala, kazi iliyojaa Wakenya, Watanzania, Wafilipino na Wahaiti, walisubiri hadi 2015 ndipo sheria ya taifa ya kima cha chini na malipo ya saa za ziada ilipowafikia. Rafiki yangu mmoja wa Kisii alikuwa analala kwa bibi mmoja Kansas City, anaamka usiku mara kadhaa kumpeleka chooni, na usiku huo haukuwahi kuhesabiwa. Mwaka huo, usiku wake ulipoingia kwenye stakabadhi yake ya mshahara, alinipigia simu akaisoma mstari kwa mstari.